Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi za Chama na Safari ya Ras Kigomasha

Mbukwenyi, ndugu wanachama.

Nawashukuru ninyi 31 mliofika leo. Nimemwomba katibu aiweke idadi hiyo kwenye mstari wa kwanza wa muhtasari, kwa sababu daftari letu lina majina 87 na akidi ni theluthi, yaani watu 29. Tumeivuka kwa watu wawili. Mkutano wa Mei walikuja 23, ule wa Juni wakaja 17, na yote miwili ikaahirishwa. Naomba mzikumbuke tarakimu hizo, maana nitazirudia mbele nitakapojibu lawama kuhusu fedha za chama zilizotumika kwa safari ya Pemba.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumehesabu ndege Bwawa la Hombolo mara mbili, tumetoa mazungumzo katika shule nne za msingi, tumeotesha miche 1,350 ya migunga na mikwaju kitaluni, na tumeshiriki usafi wa mazingira kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi isipokuwa Aprili. Shajara iko mezani kwa katibu, atakayependa aisome.

Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 34, sawa na shilingi 680,000. Wasiolipa ni 53, na deni lao la mwaka huu ni shilingi 1,060,000. Ukijumlisha na malimbikizo ya nyuma, mhazini anasema chama kinadai wanachama wake shilingi 2,140,000. Sikuja kumtaja mtu. Ila nasema kwa uchungu kwamba baadhi ya walioandika maneno makali kuhusu matumizi ya fedha za chama hawajaweka fedha yoyote ndani ya chama hicho kwa miaka miwili.

Sasa nije kwenye safari ya Pemba.

Mwezi Agosti wanachama 16 tulikwenda Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho, na msitu wa Ngezi ulio jirani nayo. Safari iligharimu shilingi 5,900,000: nauli za treni, boti na magari 3,650,000, malazi na chakula 1,750,000, viingilio na waongozaji 420,000, dharura 80,000. Kila msafiri alilipa 250,000 kutoka mfukoni mwake, jumla 4,000,000. Chama kiliongeza 1,900,000, na fedha hizo zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya tangi la maji la lita 5,000 la kitalu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Hoja ya kwanza iliyoletwa ni kwamba sikuwa na mamlaka. Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi shilingi 1,000,000 yaidhinishwe na mkutano mkuu, na kwamba mkutano ukikosa akidi mara mbili mfululizo, kamati inaweza kuamua. Niliitisha Mei, niliitisha Juni. Kamati ya watu saba ikakaa. Watano wakakubali, mmoja akapinga, mmoja alikuwa msibani. Sikuruka ngazi hata moja. Waliokuwa na sauti ya kuizuia safari hii walikuwa nayo mara mbili, wakabaki nyumbani. Na tangi? Malimbikizo niliyoyasoma sasa hivi yangelinunua bila kugusa akiba.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi, kwa sababu imeletwa na wazee wanaoupenda mkoa huu. Wanauliza: kwa nini Pemba? Kondoa iko hapa, pori la akiba la Swagaswaga liko hapa. Ndugu zangu, Kondoa tumekwenda mara nne, na mara zote nne niliziandaa mimi. Tumeona kazi iliyoanzishwa na HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, tumeona makorongo yaliyojifunika majani baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979. Kondoa inaonyesha ardhi iliyochoka kisha ikapumzishwa. Mimi nilitaka tuone msitu uliosimama juu ya jiwe tangu mwanzo, kwa sababu sisi kila Desemba tunapanda miti juu ya vilima vya mawe na kila Oktoba tunahesabu vijiti vikavu.

Niwaeleze tulichokiona, hasa kwa ambao hawakuwepo.

Tulikuta kusi bado inavuma. Kati ya Unguja na Pemba boti ilirushwa vibaya, na wenzetu sita waliugua njia nzima. Ukifika bandari ya Mkoani bado una kisiwa kizima cha kukivuka, kupita Chake Chake na mikarafuu yake hadi Konde. Gari tuliloahidiwa Konde halikuja. Nililipia jingine shilingi 110,000 za kwangu, na sijazidai.

Kutoka Konde barabara inaingia Ngezi ghafla. Mwanga unapungua, hewa inakuwa na maji. Mvule zimesimama humo, ndefu hata shingo inauma kuzitazama, na chini yake kuna mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba peke yake. Ukigeukia upande mwingine wa hifadhi, kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, unakuta vichaka vya jamii ya erika, ndugu wa ile mimea inayoota juu kabisa kwenye milima kama Kilimanjaro, hapa ikiwa karibu na usawa wa bahari. Mwenzetu mmoja aliyewahi kupanda Kilimanjaro alichuma tawi lililoanguka, akalishika muda mrefu bila kusema kitu.

Ukiuacha msitu, rasi inajitokeza yenyewe. Magharibi kuna ufukwe wa Verani unaotazama mkondo wa Pemba, ule unaokitenga kisiwa na bara, mashariki kuna Vumawimbi, na jina hilo halihitaji mfasiri. Mbele kabisa kuna mnara wa taa wa kuongozea meli. Kati ya fukwe hizo ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale ulioachwa nje bahari iliposhuka, umetobokatoboka, una ncha kali kama nyembe. Pembeni wimbi limekula sehemu ya chini hata mwamba ukabaki umening'inia juu ya maji kama upenu wa nyumba. Mvua ikinyesha haisimami, inapotelea ndani ya nyufa. Pemba hupata mvua zaidi ya mara tatu ya ile tunayopata Dodoma, lakini mtu wa maweni anajua ukame kama sisi tunavyoujua.

Mkondo niliousema una kina kinachofikia mita 800 hivi. Unguja iliwahi kuungana na bara enzi za barafu, bahari ilipokuwa chini. Pemba haikuungana, kwa sababu hapakuwa na njia ya kupita. Ndiyo maana kisiwa hiki kina ndege wanne ambao hawapatikani mahali pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi wa Pemba. Tulimwona chozi siku ya kwanza na kinengenenge siku ya pili. Ninga alipita juu yetu kasi, na wanachama wawili tu ndio wanaokubali kuapa kwamba walimwona. Bundi hatukumwona. Tulisimama gizani Ngezi tukizuia hata kukohoa, na alipolia alilia mara moja tu, sauti fupi, "hu", kisha kimya kirefu, kisha tena "hu" kutoka upande mwingine. Nimetembea porini maisha yangu yote tangu nikichunga mbuzi za baba, na usiku ule nilitokwa na machozi. Nasema hivyo mbele yenu bila aibu.

Siku ya kurudi tulipita Kidike kuwaona popo wa Pemba. Mabawa yakinyooshwa yanafikia mita moja na nusu. Walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya nyama hata wataalamu wakahofia watatoweka, kisha wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda, na sasa kisiwani inakadiriwa wapo zaidi ya 20,000. Popo hawa hula matunda na kueneza mbegu za miti. Wanalindwa na vikundi vya vijijini, watu kama sisi. Tofauti niliyoiona ni kwamba watu wao wanakuja kwenye zamu.

Nirudi kwenye jiwe, maana hilo ndilo jibu langu kwa wazee. Mwongozaji wetu alituonyesha pale maweni sehemu mbili zisizopishana hata hatua hamsini. Moja ilikatwa kuni na kuchomwa moto zamani, nayo imebaki jiwe na nyasi chache. Nyingine haikuguswa, na miti imezamisha mizizi katika matundu ya mwamba. Aliingiza mkono kwenye tundu moja akatoa konzi ya udongo mweusi. Udongo ule haukuletwa na mto wala upepo, ni majani ya mti uleule, yaliyoanguka na kuoza palepale. Nilimtazama makamu mwenyekiti, naye akanitazama, tukajua tunawaza jambo moja: sisi huku tunafagia. Kila mwaka tunasafisha kuzunguka miche yetu mpaka ardhi inang'aa, majani makavu tunayakusanya na kuyachoma, tukidhani ni usafi. Katika miche 1,200 tuliyopanda mlimani mwaka juzi, tuliyoikuta hai ni 190.

Desemba iliyopita nilichukua miche 60 nikaipanda kwenye nyufa za mawe na si katika mashimo ya mistari, nikaijaza majani makavu na kukataza mtu yeyote kufagia. Kwa wiki tisa nimekwenda kuitazama kila Jumapili baada ya ibada, kwa baiskeli yangu. Hesabu ya mwisho wa Februari ni miche 47 hai. Najua kiangazi bado hakijaipima, na najua 60 ni kidogo. Lakini katika miaka kumi na miwili ya chama hiki hatujawahi kufika Februari na hesabu kama hiyo, na wazo hilo tulilitoa Kigomasha. Kwa shilingi 1,900,000 naona hatukupoteza.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kupanua eneo lile la majaribio, kununua tangi hali ikiruhusu, na kuwaalika vijana wengi zaidi. Kuna mazungumzo ya awali ya kubadilishana ziara na kikundi kimoja cha kisiwani, yakikomaa mtaarifiwa. Safari nyingine ya mbali haitakuwepo mpaka mkutano wenye akidi uipitishe.

Miche 47 iko nyuma ya kilima, mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa. Baada ya chakula nitakwenda. Atakayetaka kuiona kabla ya kuipigia kura taarifa hii, tufuatane.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dodoma