Shemeji ananiuzia Challenger, na mlio niliousikia alfajiri unaninyima usingizi

Ndugu mshauri, salaam. Salaam pia kwa wasomaji wenzangu, hasa mafundi na nyinyi mliowahi kununua haya magari ya nguvu ya Kimarekani yakiwa yameshapita mikono ya watu.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na mbili. Naendesha lori la masafa marefu. Nina mke na watoto watatu, mkubwa ni wa kiume na ametimiza miaka 18. Nataka kununua Dodge Challenger R/T Scat Pack ya mwaka 2016. Anayeniuzia ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, baba mmoja mama mmoja. Angekuwa mtu baki, barua hii nisingeiandika.

Nyumbani ukisema V8, watu wanaelewa Land Cruiser la mheshimiwa. Hii ninayoisema ni injini ya HEMI ya lita 6.4, nguvu za farasi 485, imefungwa kwenye gari la milango miwili. Mara ya kwanza kuisikia karibu nilikuwa kituo cha mafuta nasubiri tangi la lori lijae. Kijana mmoja aliiwasha upande wa pili wa pampu, mtetemo nikausikia kifuani. Nina miaka 46. Magari yote niliyowahi kununua yalikuwa ya kupeleka watoto shule na kunifikisha kazini, na sina majuto. Ila hili nalitaka kwa sababu nalipenda, na hela yake nimeiweka kidogo kidogo miaka minne bila kugusa hela ya ada wala ya nyumba tunayojenga kule nyumbani. Mke wangu anajua na aliniruhusu.

Shemeji naye anajua. Anataka dola 23,500, gari limetembea maili 78,000. Ananiambia, "Shem, Dodge wameacha kuzitengeneza tangu mwisho wa 2023, kiwanda cha Canada kimefunga hesabu, ukiikosa hii usinilaumu." La kuacha kuzitengeneza ni kweli. Lakini gari lililokwisha kiwandani halipati uzima kwa sababu hiyo, na hili lina miaka yake mgongoni.

Naomba nieleze nilichokiona, maana ushauri mzuri unategemea hapo.

Siku ya kwanza nilimpigia kabla, nikamwomba asiliwashe mpaka nifike. Injini ikiwa baridi ndiyo inasema ukweli, hilo hata kwenye malori tunalijua. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Akasema alilisogeza kidogo ili watoto wacheze mpira. Sikumjibu. Tulizunguka nalo, linavuta vizuri, gia zinaingia laini, breki zinashika, nikarudi nyumbani nimefurahi na huku nafsi haijatulia.

Wiki iliyofuata kulikuwa na hitma ya ndugu yao mmoja, tukalala kwake. Alfajiri nimemaliza kuswali nikamsikia anatoka kwenda kazini. Dirisha la chumba tulicholala linatazama maegesho. Gari likawaka, na pamoja na ule mngurumo nikasikia kitu kingine: ti-ti-ti-ti, kama mtu anagonga sahani kwa kijiko, kinafuata mzunguko wa injini. Nikachukua simu nikarekodi. Kwa kama dakika tatu mlio ule ulikuwa wazi, halafu ukaanza kufifia. Hakuondoka mpaka ulipokuwa mdogo. Kwa maana hiyo anaujua.

Rekodi niliipeleka kwa fundi mmoja Mkenya anayeshughulika na injini hizi. Aliisikiliza mara mbili, akaniambia kuna mambo mawili yanayofanana kwa sauti na yanayotofautiana sana kwa gharama. La kwanza ni boliti za manifoldi ya ekzosi. Zikikatika, moshi unavuja na kugonga injini ikiwa baridi, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba upenyo na mlio unapungua. Hiyo inarekebishika, japokuwa boliti iliyokatikia ndani ya hedi ni kazi ya subira. La pili ni tapeti, vile vyuma vidogo ndani ya injini vinavyosukuma valvu. Kirola chake kikichakaa kinaanza kuila kamshafti, shafti inayoziendesha, na hapo injini inafunguliwa, unazungumzia maelfu ya dola. Dalili ya kupungua likipata moto inaelekea kwenye boliti, lakini akasema hawezi kuapa kwa kusikiliza simu. "Mzee, gari lipande juu. Nitoe filta ya oili, niikate, nitazame kama kuna vumbi la chuma ndani. Dola 250, na utajua unanunua nini."

Kuna mengine. Siku ile ya kwanza nilipitisha mkono ndani ya madigadi ya nyuma, juu ya tairi. Vidole vilitoka na vipande vya mpira, vidogo vyeusi, vimegandana kama lami. Mpira haufiki pale kwa kwenda kazini na kurudi. Pale hufika matairi yakichomwa, gari limefungwa breki za mbele na ya nyuma yanazungushwa mpaka moshi. Nikatazama matairi yenyewe: ya nyuma mapya kabisa, ya bei ndogo, ya mbele ni ya zamani na ya kampuni nyingine. Shemeji alinionyesha yale mapya kama zawadi. Mimi nilikuwa namwaza aliyemaliza yale ya kwanza, na gia, na difu, na shafti zilizobeba farasi 485 wakati anayamaliza.

Tena Idi ya mwaka jana, mbele ya watu, yeye mwenyewe alisimulia kwamba amenunua kifaa cha kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, ameongeza nguvu, na jinsi alivyomwacha mtu wa Ford Mustang barabara kuu. Tulicheka wote. Juzi nilipomuuliza akasema gari halijawahi kuguswa, liko kama lilivyotoka kiwandani. Nilichomeka chini ya usukani kile kipimo kidogo kinachosoma makosa ya kompyuta ya gari. Hakikuonyesha kosa lolote, na hapo mtu angefurahi. Lakini vile vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likitembea, vingi vilisema havijakamilika. Maana yake ama betri ilichomolewa karibuni, ama mtu amefuta makosa kabla sijafika. Na msitegemee serikali iwe imelikagua: Texas imeondoa ukaguzi wa usalama wa magari binafsi tangu Januari 2025. Sisi wa kaunti ya Harris tumebakiwa na kipimo cha moshi tu, hakuna anayetazama breki wala chini ya gari.

Nisimwonee, yako mazuri. Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi zake 17, ya kwenye dashibodi na ya mlangoni zinafanana. Niliiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, hakuna kasoro ambayo kiwanda kiliita magari yarudi kutengenezwa na hili likabaki bila kutengenezwa. Niliiingiza pia kwa NICB, wale wanaofuatilia magari ya wizi, ni safi, na kuangalia huko kote ni bure. Nilivuta na reli za viti kutafuta kutu, kwa sababu mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017 yalizamisha magari mengi hapa Houston na mengine yalirudi sokoni. Pakavu. Kwa hiyo si gari la wizi, si la mafuriko. Ni gari lililoendeshwa kwa fujo, na mwenyewe hataki kusema.

Bima nayo imenishtua. Niliomba makadirio: sasa nalipa dola 160 kwa mwezi, kwa gari hili, na kijana wangu akiwa anaishi nyumba moja nami, wakaniambia 390. Tunaishi kwenye ghorofa, gari litalala nje. Mwaka 2023 taasisi ya takwimu za bima za magari, HLDI, ilitangaza kwamba Charger SRT Hellcat, ndugu wa hii wa milango minne mwenye nguvu zaidi, ilikuwa inaibwa zaidi ya mara 60 ya wastani wa magari ya umri wake. Langu si Hellcat, lakini mwizi wa usiku anaona umbo na kusikia jina. Mwaka 2021 Dodge walitoa programu ya bure kwa Challenger na Charger zenye injini hii ya 6.4 na ile yenye superchaja, pampu inayosukumia injini hewa zaidi: usipoweka namba ya siri, injini inabanwa isitoe hata farasi watatu, mwizi hafiki popote. Nikamuuliza shemeji kama aliiweka. Hajui habari zake.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi.

Gari bado lina mkopo. Shemeji anadaiwa benki dola 17,800 na amepitisha miezi miwili bila kulipa, baada ya kupunguziwa saa kazini. Kadi ya gari, kama tunavyoiita nyumbani, haiko kwake, imeshikwa na benki mpaka deni liishe. Anachotaka ni nimwekee 23,500 zote kwenye akaunti yake, kisha "nitamalizana nao mwenyewe." Nilimwambia twende wote benki, nilipe deni palepale wanipe karatasi ya kuachia gari, kinachobaki nimkabidhi mkononi. Alinyamaza, halafu akasema, "Shem, kwani mimi nimekuwa mwizi?" Nilipotaja habari ya fundi ndiyo kabisa, alisema mtu akileta fundi kukagua mali ya ndugu yake ni kama kumvua nguo.

Siku ya pili mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga. Nilimwamkia, akanipokea kwa upole kama kawaida yake. Akasema, "Mkwe wangu, huyo mtoto ana shida. Nasikia mmeshaelewana habari ya gari. Mmalizie basi, si ni ndugu yako?" Mama huyu ndiye aliyemlea mwanangu wa kwanza miaka miwili wakati mimi nahangaika na makaratasi ya huku. Sikuwa na mdomo wa kumweleza tapeti na programu za injini. Nilisema, "Nimesikia mama, nitalitazama."

Mke wangu yuko katikati. Usiku aliniambia, "Baba watoto, usinunue gari bovu kwa ajili ya mdogo wangu. Lakini usimwaibishe." Yale mawili ndiyo siwezi kuyafanya kwa pamoja. Na kosa langu niliseme: nilishampa dola 1,500 za kushikia, mkono kwa mkono, hatukuandikiana.

Naogopa mambo mawili. Nikimpa hela yote na yeye akazibia madeni mengine yanayomkaba, benki italivuta gari kwenye maegesho yangu, nami sitakuwa na wa kumdai isipokuwa mdogo wa mke wangu. La pili ni mwanangu. Ameshaanza kulizungumzia gari hili kwa rafiki zake. Natembea barabara kuu usiku, nimeona magari ya aina hii yamejikunja kwenye nguzo, na waliokuwa ndani ni watoto wa umri wake. Nikilinunua, funguo italala wapi?

Naombeni mnishauri.

Kwanza, kuna aliyewahi kumwambia ndugu wa mke kwamba gari lazima likaguliwe na hela ipitie benki, na undugu ukabaki? Alitumia maneno gani, na alimtuma nani? Nimefikiria kumwomba mzee mmoja wa jumuiya yetu ambaye shemeji anamheshimu, lakini naogopa itakuwa nimelitoa jambo nje.

Pili, mafundi: kama ni boliti za ekzosi tu, injini ambayo programu yake ilishachezewa na matairi yameshachomwa ni ya kupunguziwa bei na kununua, au ni ya kuacha kwa bei yoyote? Kuna njia ya kujua ilichezewa hata kama imerudishwa ilivyokuwa?

Tatu, mke wangu ametoa wazo ambalo linanivuta: tuache habari ya kununua, tumlipie shemeji ile miezi miwili moja kwa moja benki kama msaada wa ndugu, na zile 1,500 zihesabiwe humo humo. Gari libaki kwake. Nitakuwa nimekosa nilichokitamani, lakini mama mkwe atakuwa amesikilizwa. Je, hiyo ni busara, au nitakuwa namnunulia muda tu mpaka rejesho linalofuata limshinde tena?

Shemeji ananiambia kuna mtu mwingine anakuja Jumamosi na hela taslimu. Naondoka leo usiku na mzigo wa Laredo, nitarudi Alhamisi. Nitasoma majibu yenu kila nitakaposimama kupumzika.

Baba wa watoto watatu,
Houston, Texas