Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kuzikana cha Kina Mama, Ngamiani, Tanga

Bismillahi Rahmani Rahim. Mama zangu na dada zangu, assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Misiba 11 imehudumiwa, wagonjwa wametazamwa, Maulidi yamesomwa, vikao vimekaa kila akidi ilipotimia. Hesabu: tulianza na shilingi 2,150,000, ada zilizoingia 1,370,000. Tumetumia 1,210,000 kwenye misiba, 780,000 kitanda cha kuoshea maiti, 410,000 sanda na vifaa, 240,000 khitma. Zimebaki 880,000. Mweka hazina anayo daftari, anayetaka kulikagua alikague mchana, si kwa minong'ono.

Sasa nije kwenye linalosemwa vibarazani ambalo kikaoni hakuna anayelisema: arobaini ya marehemu mama yetu, mwasisi wa chama hiki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mama yule hakuna asiyemjua. Alipanda baiskeli mchana kweupe, buibui kalikunja kiunoni, mkoba wa kuoshea maiti kaufunga kwenye keria, na anayesonya na asonye. Mashoga zake walianzia Pangani mpaka Wete, wauza samaki wa Deep Sea na wacheza lelemama, Waislamu na Wakristo. Alicheka hata matangani. Waliokirihika na kicheko chake ndio hao hao waliomgongea mlango usiku wa manane, naye alitoka.

Baadhi yenu mlitaka tupike pilau ya arobaini. Nilikataa, na ninasema tena mbele yenu kwamba nilikataa mimi, kamati ikaniunga mkono. Kwa jamaa na mashoga aliokuwa nao, tusingepika chini ya kilo 100 za mchele na ng'ombe mmoja. Ongeza mafuta, viungo, kuni, wapishi na turubai: mfuko wote ungeishia sufuriani, na msiba wa wiki inayofuata ungetukuta mikono mitupu. Halafu dini yenyewe iko wazi. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume (S.A.W.), alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Mfiwa hulishwa. Marehemu alilishika hilo kuliko sisi; sufuria lake la uji lilifika kwa wafiwa kabla ya jeneza. Khitma tulisoma, kahawa na halua zikapita. Aliyesema tumemzika kama maskini ajiulize yeye alichangia kiasi gani.

Fedha ile tulitengenezea kitanda cha kuoshea. Kile cha zamani, cha mbao na kamba, kilikuwa kinanyonya maji, kinanuka, na kimelegea katikati hata mgongo wa maiti unalala dimbwini. Kipya miguu na fremu ni mabomba yenye madini ya kinga, na juu ni bati la chuma kisichoshika kutu; urefu futi 6 na nusu, upana futi 2 na nusu, kimo cha kiunoni ili waoshaji wasiiname. Upande wa kichwa umeinuliwa inchi 2, maji yanakimbilia miguuni na kushuka kwa mpira hadi kwenye ufuo, yaani kishimo cha maji ya kuoshea maiti. Kabla ya kuanza, mwaga kopo moja la maji upande wa kichwa: yakisimama njiani, sakafu haiko sawa, weka kabari chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwa. Miguu ya kitanda inakunjwa, kwa hiyo pini zote nne ziingie hadi mwisho. Pini moja ikisahauliwa kitanda kitalala na maiti juu yake. Kwenye maungio moto wa kuchomelea ulichoma madini ya kinga ya mabomba, na kutu huanzia hapo; tumepaka rangi ya zinki, irudiwe kila mwaka. Ndiyo, fundi ni shemeji yangu. Mafundi watatu walitoa bei, yake ikawa ya chini. Karatasi zipo.

Cha pili ni mafunzo ya kuosha na kukafini maiti, na hapa nasikitika. Tuko wanachama 64. Waliokuja ni 9, na wawili kati yao waliondoka sanda ilipotandikwa. Marehemu akipanda baiskeli tulikuwa tunamtegemea yeye. Sasa tunamtegemea nani?

Kwa faida ya wasiokuja: maji yawe vuguvugu. Kitovu mpaka magoti pafunikwe muda wote. Mwili uinuliwe kidogo, tumbo likamuliwe polepole, mkono wa kusafishia uvikwe kitambaa. Majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ngumi mbili kwa ndoo ya lita 20, yapigwe hadi povu lipande. Povu ni la kichwani. Anza na viungo vya udhu na upande wa kulia. Osha kwa witiri, yaani hesabu isiyogawika kwa mbili, mara tatu au tano. Karafuu maiti, yaani kafuri, huingia katika maji ya mwisho tu, kidogo, imesagwa. Ukiitia mwanzo unaisuuza yote. Nywele zisukwe mikia mitatu, kama alivyosimulia Umm Atiyya, aliyemwosha binti yake Mtume. Siku hizi shida ni kucha za bandia na nywele za gundi, maji hayapiti. Kucha zifungiwe pamba yenye asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha, robo saa, zisivutwe, zitang'oa ngozi.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kufunikia. Bafta, kitambaa cheupe cha pamba, yenye upana wa mita moja na nusu, mita 12 zinatosha mtu wa wastani. Mwili mkubwa, 14. Ichanwe kwa mkono. Kosa la kila siku ni kutandika kwa mpangilio wa kuvaa. Kinachovaliwa mwisho ndicho kinachotangulia kutandikwa, la sivyo mtamwinua marehemu mara mbili. Kamba zifungwe kitanzi, zitafunguliwa kwenye mwanandani, upenyo wa kaburini anamolazwa maiti, na mle hakuna nafasi ya kuhangaika na fundo.

Ada. Shilingi 3,000 kwa mwezi kwa watu 64 ni 2,304,000 kwa mwaka. Tumepata 1,370,000. Wenye madeni makubwa ndio waliodai pilau kwa sauti. Majina sitayataja leo. Mwenye deni la miezi sita atahudumiwa, hatuachi maiti, ila rambirambi itakatwa deni. Hilo limo katika katiba, sikulizua.

Kwa mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kupata chumba cha kuhifadhia kitanda, kwa sasa kiko uani kwangu bila malipo, na kuanza tena mafunzo tarehe itakapopangwa. Wabillahi tawfiq.