Kaka, uliniambia Baba amepumzika

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu tatu hukupokea, na ujumbe wa WhatsApp umeusoma, alama mbili za buluu nimeziona, ukanyamaza. Haya, na watu wasome. Shangazi akikuuliza mbona mdogo wako anakuanika mtandaoni, mwambie mimi ndiye niliyeanza kuachwa juani.

Juzi, tarehe 19 Juni, nilishuka Galveston. Ni kama kilomita 80 kutoka hapa Houston. Bahari yake haina rangi ya bahari yetu, ni kahawia kama chai ya maziwa, ila upepo una chumvi ile ile. Nikasimama katikati ya mji wa zamani mbele ya ukuta mrefu uliochorwa wanajeshi Weusi na jenerali wao. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya jeshi la Kaskazini, lile lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyoshikilia utumwa. Tarehe kama hiyo, mwaka 1865, Jenerali Gordon Granger alitoa amri namba 3: watumwa wote wa Texas ni watu huru. Walikuwa kama 250,000. Sasa piga hesabu, wewe ndiye fundi wa hesabu nyumbani. Rais Lincoln alikuwa ametangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1863. Miaka miwili na nusu, Kaka. Pamba imepandwa, imechumwa, imepandwa tena.

Huku wanapenda kusema habari ilichelewa, kana kwamba ilikosa basi. Kuna watu walikuwa nayo wakaikalia.

Wewe uliikalia siku arobaini.

Baba alifariki Jumatatu tarehe 15 Februari 2021, baada ya Isha. Huku kwangu ilikuwa asubuhi, saa tano na nusu. Nimeshaipiga hesabu hiyo mara nyingi. Usiku wa kuamkia siku ile baridi iligandisha visima vya gesi na mitambo ya umeme, na gridi ya Texas ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 izimike yote. Texas ina gridi yake peke yake, haikutaka serikali kuu iingize mkono, basi siku ya shida majirani hawakuwa na waya wa kutosha wa kuisaidia. Zaidi ya nyumba milioni 4 zilikaa gizani. Baadaye jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Mimi nilikuwa kazini, barabara ni barafu tupu, wa zamu ya asubuhi hakuna aliyefika, nikakaa siku tatu. Saa ile Baba anakata roho, mimi nilikuwa nawavalisha soksi wazee wa watu, mbili mbili, na kuwapulizia vidole.

Hilo hukulijua, nakubali. Na wewe umeshalifanya ndilo kisa chako: ‘Ulikuwa kwenye dhoruba, tungekuongezea mzigo.’ Umeme ulirudi baada ya siku chache, Kaka. Arobaini ilikuwa mwezi wa tatu.

Sasa ile simu.

Tarehe 18 Machi. Nchi nzima inalia, usiku wa kuamkia siku hiyo Mama Samia ametangaza kifo cha Rais Magufuli. Nikakupigia, tukazungumza robo saa nzima juu ya msiba wa Rais. Ukalia. Nikashangaa unavyolia, maana siasa na wewe wapi na wapi. Nikasema moyoni, kaka yangu amezeeka. Halafu nikakuuliza, ‘Na Baba?’

Ukanyamaza kidogo. Nilisikia kikombe kinawekwa kwenye sahani.

Ukasema, ‘Baba amepumzika.’

Nikajibu, ‘Alhamdulillahi, asiamshwe.’ Nikakuuliza kama mvua za masika zimeanza.

Ulipoona arobaini imekwisha, pilau limeliwa, turubai limerudishwa, ndipo ukanitumia ujumbe wa sauti. Dakika moja na nukta kumi. Mwishoni ukasema, ‘Usihangaike, tulia huko huko, endelea na kazi.’ Unajua ile amri ya Granger nayo ilisema hivyo hivyo? Wameambiwa wako huru, na mstari unaofuata wanashauriwa wabaki kwa utulivu pale pale walipo, wafanye kazi za mshahara kwa mabwana wale wale. Baba, karani wa mkonge miaka thelathini na moja, angecheka hapo mpaka akohoe.

Nililia kwenye maegesho ya duka, watu wanapita na matoroli yao. Hakuna aliyeniambia pole. Wangejuaje?

Ninyi wenye ndugu ughaibuni, msituficheni misiba. Mwambieni mtu alie kwa wakati, na wenzake. Mimi ningejua ningetuma ya sanda. Ningekopa. Na mtu asije hapa kusema nisingetuma, maana nilituma ya hospitali Desemba, nilituma ada za wanao Januari, na risiti ninazo.

Najua ulifanya kwa huruma. Galveston kuna kisa cha kimbunga cha tarehe 8 Septemba 1900. Wataalamu wa Cuba walikiona kinaingia Ghuba ya Mexico, lakini idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imezuia telegramu zao za utabiri zisipite, eti zinatia watu hofu, yenyewe ikisema kitapinda kwenda Florida. Walikufa watu wasiopungua 6,000. Pale ufukweni palikuwa na nyumba ya yatima. Maji yalipoingia, masista 10 walichukua kamba za kuanikia nguo, wakawafunga watoto 90, kila sista na kundi lake kiunoni, wasipotezane. Miili ilikutwa ingali imefungwa pamoja. Walionusurika ni wavulana 3 tu, walikamata mti.

Nilipokisikia kisa hiki nilikufikiria wewe. Nikakumbuka ulivyonishika mkono tukivuka barabara ya Korogwe, ulivyoniminya mpaka vidole vikafa ganzi. Umri wako miaka kumi. Hujawahi kulegeza.

Na kuna jambo sijakuambia. Wanahistoria wanasema wengi katika watumwa wa Texas walikwisha kusikia. Minong’ono ilipita mashambani, mtu anapeleka gari la ng’ombe mjini anarudi na neno. Kilichokosekana ni wale askari 2,000 wa Granger wa kusimama nyuma ya neno hilo. Kaka, mimi nilisikia. Mswahili gani asiyejua maana ya amepumzika? Nilisikia neno, nikasikia kikombe, nikakimbilia kwenye mvua. Kwa sababu ukiniambia, itabidi nije. Na faili langu la uhamiaji lilikuwa bado mezani kwao, nikitoka sirudi. Nisipoambiwa, sina kosa. Wiki nzima niliendelea kumwombea shifaa kila Swala, kwa sauti, kama mtu anayetaka jirani asikie.

Lakini ungesema tu lile neno moja, amefariki, mimi ningetokea wapi? Ningeuliza nini tena? Wewe ndiye mkubwa.

Basi nimefika ninapotaka. Jumanne umesema Mama hajambo, ni uchovu tu. Mtoto wako kaniambia amelazwa. Usimpige, nilimbana mimi. Karatasi zangu sasa ninazo, nauli nimeitenga, kabegi kako nyuma ya mlango. Saa nane ya usiku huku ni saa nne asubuhi kwenu. Nipigie, simu siizimi. Ukiniambia Mama amepumzika, safari hii nitakuuliza: amelala, au vipi?

Ya mabati nimeituma Ijumaa, laki nne na nusu. Angalia simu yako. Mafundi wasianze kabla hujahesabu misumari.