Huo si ukuta, Salim

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Barua imefika. Pale uliposema Facebook ni kama ukuta wa sokoni, kila mtu anabandika lake na mwenye ukuta hana kosa, nimekataa. Mwenye ukuta hapati senti kila mtu anapotupa jicho. Wala ukuta haumfuati mstaafu hadi chumbani na tangazo la "uwekezaji" kwa kuwa jana alibonyeza jingine kama hilo.

Novemba 2025 shirika la habari la Reuters walifichua nyaraka za ndani za Meta, kampuni mama ya Facebook. Kampuni ilikuwa imekadiria kwamba asilimia 10 hivi ya mapato ya 2024, kama dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya utapeli na bidhaa haramu. Meta ikajibu kuwa makadirio yalizidishwa. Haya, tuwape hilo. Kilichonichoma ni kingine: kwa mujibu wa nyaraka hizo, mtangazaji hafungiwi mpaka mitambo iwe na uhakika wa asilimia 95 kuwa ni tapeli. Akishukiwa tu, anatozwa bei ya juu. Eti kumkatisha tamaa! Tapeli ana pesa gani yake, Salim? Bei ikipanda, mlipaji ni yule yule aliyeliwa.

Umeuliza mbona hawashtakiwi. Wanashtakiwa. Martin Lewis, mwanahabari wa mambo ya fedha Uingereza, aliishtaki Facebook 2018 kwa matangazo ya kitapeli yenye sura yake. Januari 2019 kesi ikaondolewa, Facebook ikakubali kutoa pauni milioni 3 kusaidia vita dhidi ya utapeli. Tajiri wa madini wa Australia, Andrew Forrest, yeye kaifuata Meta hadi California, Marekani, kwa matangazo kama hayo yenye sura yake. Huko kampuni hujificha nyuma ya kifungu cha 230, sheria ya Marekani ya 1996 inayoikinga mitandao kwa maneno ya watu wengine. Juni 2024 jaji akakataa kuitupa kesi: kama mitambo ya Meta inasaidia kulitengeneza tangazo lenyewe, hilo ni la kusikilizwa.

Australia nao wametunga sheria 2025 inayozibana benki, kampuni za simu na mitandao zizuie utapeli, faini ikifika dola zao milioni 50 au zaidi.

Shemeji akiiona tena ile video ya faida ya haraka uliyoniandikia, aipige picha kwanza, tarehe nayo ionekane, ndipo airipoti kwa Facebook. Wasije wakasema hawakuambiwa.

Nisalimie mama.

Wako,
Hamisi