Barua kwa mwanangu: siku nne Islii

Langoni, Lamu

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Tumefika salama jana jioni, mashua ya Mokowe ikiturushia maji ya chumvi mpaka buibui zikalowa. Mamako mdogo hajambo. Jicho limetolewa bandeji, na ameshaanza kulalamikia vumbi la kabati langu, basi ujue amepona.

Ile orodha uliyonitumia kwa simu, mahali kumi na moja pa kutembelea Nairobi, sikwenda hata pamoja. Usinune. Twiga nimewaona kwenye kalenda. Kliniki ilituchukua asubuhi mbili tu, na mgonjwa akishatiwa dawa analala mpaka alasiri. Mimi nibaki chumbani nikihesabu vigae? Nikawa nashuka ngazi, nazunguka Islii (Eastleigh), mtaa tuliofikia. Uliniambia nisitoke peke yangu. Siku ya kwanza nilikutii mpaka saa nne.

Kilichonishinda ni njia. Kwetu hapa mtoto akipotea vichochoroni hufuata mteremko, na mteremko humtoa pwani. Islii hakuna pwani. Wana First Avenue na Second Avenue, na mitaa inayokata katikati nayo ina namba, lakini namba hizo nilizisikia vinywani mwa watu, ukutani sikuziona. Niliingia jumba moja la maduka kwa mlango wa viatu nikatokea kwa mlango wa mazulia, upande nisioujua kabisa, wasukuma mikokoteni wanapiga mbinja, makanga wa namba 6 ananivuta mkono nipande. Nipande niende wapi? Nikarudi ndani kutafuta viatu. Nilivipata, kumbe ni vya jumba jingine! Mwisho binti mmoja muuza hina alifunga boksi lake akanifikisha hadi mlangoni kwetu. Njiani akaniuliza kama ni kweli Lamu punda wana hospitali yao. Nikamwambia wanayo, tena hawalipi.

Huyo ndiye aliyenionyesha Garissa Lodge. Jina lenyewe la nyumba ya wageni, na kweli watu walikuwa wakilala humo. Mtaa zamani ulikuwa na Wahindi wengi. Wasomali walikuwapo, lakini vita vya kwao vya 1991 viliwaleta kwa wingi, na wapangaji wakaanza kuuza nguo vyumbani mwao. Mchana kitanda ni meza ya biashara, usiku ni kitanda tena. Vyumba vikaishia kuwa maduka, na haya majumba marefu ya sasa yakafuata nyayo. Nilikitazama kimlango kimoja cha humo nikacheka: ni upana wa duka la babu yako pale Usita wa Mui, na yeye kila siku akisema pamembana.

Chai niliinywa mahali pamoja tu, kwa mama anayeuza maziwa ya ngamia chini ya ngazi. Maziwa yanatoka Isiolo kwa basi, ndani ya madumu ya manjano yaliyofukizwa moshi. Alinifungulia dumu moja ninuse: ni harufu ya chetezo ubani ukishakwisha, kumebaki kaa peke yake. Ukinywa, moshi unakuja mwisho, nyuma ya ulimi. Siku ya kwanza alinijibu kwa mkato. Ya pili alinisogezea kigoda. Ya tatu akaniachia madumu aende kuswali, nami nikauza vikombe viwili, kimoja nikakosea bei. Alinitazama tu, akanimiminia changu.

Ijumaa nilikwenda kwa miguu mpaka Pumwani kwa ajili ya jina tu: Msikiti wa Riyadha, sawa na huu wetu wa Habib Swaleh. Mtaa ule ni wa tangu mwanzo wa miaka ya 1920, serikali ya mkoloni ilipotenga mahali pa Waafrika kukaa. Nilikaa kidogo na bibi mmoja muuza mbaazi. Mbaazi zake tui jepesi, Mungu anisamehe.

Kitambaa cha mapazia yako nimenunua mita kumi na mbili, rangi ya majani makavu. Dukani zilikuwa kumi na mbili. Nimepima hapa kwa futi yangu, ni kumi na moja na robo. Duka silitaji, nami nilikuwa nimegeuka kuitazama dhahabu ya jirani yake, kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu. Wewe pima tena madirisha. Lile la jikoni likikosa nitalitilia kipande cha kisutu cha bibi yako. Jikoni nani atatazama.

Kifurushi kitatoka na basi la Alhamisi. Ndani mna hina ya yule binti. Ametaka nikimaliza nimwambie ilivyotoka, na mimi mikono yangu ya kuoshea samaki haifai, basi paka wewe unitumie picha.

Mamako