Shukrani kwa dada wa vifurushi

Dada yangu, jina lako sikulipata, na waliokuwa zamu wakati ule wameshahama kazi. Basi nakushukuru hapa, mbele ya watu.

Machi 2020 Uingereza ilipofunga milango kwa ajili ya korona, mama yangu alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester. Wageni marufuku, chakula analetewa chumbani, na Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Wewe ukawa unaacha vifurushi mlangoni: rangi, karatasi, udongo wa kufinyanga kwa wenye vidole vizito. Ulipoambiwa huyu ni mtu wa Lamu, ameshona kofia tangu usichana wake, ukamletea kitambaa cheupe, sindano na uzi. Nani angelifikiria hilo!

Nilimwona kwenye simu, miwani puani, anazungushia uzi tundu moja moja, ananiambia nisimsemeshe atapoteza hesabu. Mtu ambaye hata salamu alikuwa haitikii tena!

Kofia ile mwanangu huivaa Ijumaa. Mungu akulipe kheri, wewe na wanao. Ukisoma haya nitafute, dada. Mama anaomba kipimo cha kichwa cha mzee wako.