Mwalimu akihama, mtoto wangu anaanza moja

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua barua ni nyingi ila hili linawagusa wazazi wengi ambao wengine wanaona aibu kuongea.

Mi ni mama, naishi Tanga, mwanangu wa mwisho yupo darasa la pili shule ya serikali na anavaa mashine za masikioni, zile hospitali wanaita shimesikio. Sikio la kulia lina nafuu, la kushoto ndo kabisa. Akivaa mashine zake anasikia na kiswahili anaongea vizuri tu, na hapo ndo tabu inapoanzia maana mtu akimsikia anaongea anajua huyu mzima, basi akiitwa asipogeuka tayari ana kiburi, ana dharau, kafundishwa na mama yake.

Darasa la kwanza alipata ticha mmoja Mungu ambariki popote alipo. Hakusomea elimu maalumu wala nini, ni mwalimu wa kawaida ila alikuwa anauliza. Aliniita tukakaa ofisini tukapanga, dogo akae mbele upande wa kushoto ili lile sikio zuri liwe upande wa mwalimu na wenzake, mwalimu akiandika ubaoni asiongee huku kawapa watoto mgongo, amalize ageuke ndo aongee. Alafu asimuulize "umeelewa?" kwa sababu mwanangu jibu lake ni ndio hata kama hajashika neno, amwambie haya hebu nirudie nimesema nini. Kasheshe kubwa ilikuwa imla. Mwalimu anatembea katikati ya madawati anasoma maneno, akifika nyuma mtoto hapati kitu anaandika anachodhani, yule ticha akawa anasimama mbele sehemu moja anasoma, basi dogo akaanza kupata vema na wenzake. Niambie hapo imetumika shilingi ngapi?

Mwaka ulivyoisha akapata uhamisho, na yote tuliyopanga akahama nayo kichwani, maana hakuna mahali yaliandikwa. Mwalimu mpya kaingia darasani anakuta watoto zaidi ya mia na hajaambiwa chochote, simlaumu, mvua ikipiga kwenye bati pale hata mwenye masikio mazima anaambulia nusu. Ila kilichofuata ndo hicho. Imla sifuri, daftari limeandikwa mvivu. Mstarini mwalimu wa zamu anatangaza kesho kila mtu aje na fagio na kidumu cha maji, mwanangu yupo nyuma kule hajasikia, kesho yake kaenda mikono mitupu kachapwa. Siku nyingine mashine ikapiga mluzi, huwa inapiga kile kipira cha ndani ya sikio kikiwa hakijakaa sawa, na mtoto anavyokua kinakuwa hakimtoshi inabidi achukuliwe kipimo upya, sasa akaambiwa azime hicho kidude kinasumbua darasa. Mtoto mdogo kaambiwa na mwalimu azime, si anazima? Akawa anaenda shule imezimwa na nyumbani anaiwasha, mi nitajuaje.

Nilipoenda kuuliza jibu la kwanza nikaambiwa mama huyu mpeleke Buguruni kwa viziwi. Wala sina neno na Buguruni, ile shule na ile ya Tabora zimesomesha watoto wengi na walimu wake wanaijua kazi yao, mtoto ambaye lugha yake ni ya alama ndo mahali pake hasa. Ila wangu anasikia kwa mashine na anaongea, na kumtoa mtoto wa umri huu kwa mama yake akaishi bweni Dar kwa sababu tu mtu hataki kugeuka akiwa anaongea, hapana hilo nimekataa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 ipo na inampa haki ya kusoma shule ya kawaida. Sikuitaja pale ofisini, kwa mwalimu ukianza na sheria mazungumzo yanaishia hapohapo.

Tatizo lenyewe naliona hivi, shule zetu zinasubiri mtaalamu. Kila ukiongea unaambiwa hatuna mwalimu wa elimu maalumu. Ni kweli, wanaotoka Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, hawatoshi kila shule, lakini mtaalamu hata akija kesho atakuja naye atahama. Kinachotakiwa ni karatasi. Ukurasa mmoja kwenye faili la mtoto: anasikia nini na hasikii nini, akae wapi, mashine ikipiga mluzi ufanye nini, matangazo ya mstarini nani amrudie, betri za akiba zipo kabati gani. Hizo betri nazo ni somo, ni vidude vya duara vidogo vina stika ya rangi, ukishabandua tu inaanza kutumika hata usipoivaa, kwa hiyo mtu asibandue kwa kuchezea, na mtoto akimeza ni hatari kweli inachoma ndani huko, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Mwalimu atajuaje haya kama hakuna aliyemwandikia?

Tena karatasi isiishie kwa mwalimu wa darasa. Mlinzi wa getini aijue, mpishi wa uji aijue, mwalimu wa michezo ndo usiseme, anapuliza filimbi watoto wote wanasimama wangu bado anakimbia.

Na sisi wazazi tuna yetu. Kuna wanaoficha siku ya kuandikisha, fomu inauliza kama mtoto ana tatizo lolote wanajaza hakuna, wakiogopa atakataliwa, alafu mwezi wa tatu wanaenda shule kwa matusi. Kuna wanaopeleka mambo ya mtoto kwenye grupu la wasap la darasa, mule katikati ya maua ya asubuhi njema na matangazo ya vikoba, jamani ya mtoto yaongeleeni ofisini. Na kuna hawa wa hela ya soda, unamshikisha mwalimu kitu ili mwanao aangaliwe. Mi hilo silipendi hata kidogo, ukianza leo yule mama muuza mihogo ambaye hana, mwanae ataangaliwa na nani?

Serikali upande wa hospitali imejitahidi, Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu hapahapa nchini badala ya watoto kupelekwa India. Sawa, wakishatoka pale wanaenda wapi kama sio kwenye hizihizi shule zenye imla na mstari? Hata Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo mtoto atakumbukwa siku ya mtihani, huko katikati ni bahati yake.

Naomba maafisa elimu maalumu wa halmashauri waziambie shule kitu kimoja tu. Mwalimu anayehama asisainiwe barua yake mpaka akabidhi kwa maandishi habari za watoto wa namna hii, si anakabidhi vitabu na chaki? Alafu mzazi aitwe Januari wiki ya kwanza akae na mwalimu mpya robo saa, tusisubiri kuitwa mtoto akishaharibu. Mi karatasi ya mwanangu nimeshaiandika, nimetoa kopi, moja nimempa mwalimu mkuu moja ticha, na mwalimu mpya nashukuru imla sa hivi anasomea mbele. Bado mwalimu wa michezo.

Mama wa mwanafunzi,
Tanga